Reine Alipoita Mama

Consolate alikwenda kisiwani Lubindi kwa kupenda mwenyewe. Hakulazimishwa na mtu. Jambo hilo ndilo alilolisahau mapema zaidi, hata kabla macho yake hayajazoea mchanga wa kule.

Ilikuwa hivi. Muuguzi wa kituo cha afya cha Lubindi alipelekwa Kalemie kupasuliwa ngiri, na biro, ofisi ya afya ya mjini, ikatafuta mtu wa kushika nafasi yake mpaka mvua zianze. Wote walioulizwa walipata sababu: huyu mgongo, yule mama mkwe mgonjwa. Lubindi iko mbali, kupita Kabimba, kipande cha mawe na mchanga katikati ya ziwa, na miezi ya kiangazi upepo wa kusini huvuma pale bila kupumzika. Waliowahi kukaa huko walirudi mjini wakisema kwa sauti kubwa hata sebuleni, kama watu waliozoea kubishana na upepo.

Lakini Consolate alikuwa amefanya kazi mjini miaka mingi bila mkataba, akiitwa leo na kuachwa kesho. Daktari mkuu wa biro alimwambia wazi, "Mama Consolate, enda Lubindi. Ukirudi, mkataba wako ninausaini." Akakubali pale pale. Ni njiani, akirudi nyumbani kwa miguu, ndipo alipojiuliza nani atabaki na Reine.

Reine alikuwa binti yake wa pekee, aliyempata baada ya mimba kuharibika mara kwa mara. Hakuwa amefika miaka mitatu, na ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa kunyonya. Baba yake, Dieumerci, aliendesha mashine ya kupakua mizigo bandarini; alitoka asubuhi na kurudi na vumbi la saruji kwenye nyusi. Mtu wa namna hiyo hawezi kulea mtoto peke yake. Lakini katika nyumba yao, moja ya zile nyumba za zamani za watu wa reli, aliishi pia Joëlle, mdogo wake Dieumerci. Alikuwa amerudi kutoka Manono mwaka uliotangulia, ndoa yake imevunjika. Ndugu waliambiwa mume alikuwa mlevi, wakaridhika na jibu hilo. Joëlle hakuongeza neno. Alifagia, alipika, aliimba kwaya kanisani, na mikono yake haikukaa bure.

Jioni ile Consolate alimfuata jikoni nyuma ya nyumba.

"Joëlle, nakuomba. Unishikie mutoto mpaka nirudi."

"Yaya, hata bila kuomba," Joëlle alisema; alimwita yaya kama dada mkubwa.

"Umushike kama wako."

Joëlle aliacha kutwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha usiku. "Kama wangu?"

"Kama wako kabisa."

Siku ya safari Reine alilia mpaka akakauka sauti, na Joëlle alimbeba mgongoni kando ya maji mpaka boti ikawa nukta. Consolate aliwaangalia wakipungua, akamwomba Mungu ambariki wifi yake.

Nyumba za Lubindi zilikuwa fupi, zimejibanza nyuma ya mawe makubwa. Mabati yalikandamizwa kwa mawe, na miti michache iliyokuwapo ilikuwa imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Wavuvi wengi walikuwa wametoka kaskazini, miji ya Baraka na Fizi, wamekuja kwa msimu na wake zao, na walisali chini ya turubai lililopigwa na upepo mpaka mhubiri akawa anahubiri kwa vipande. Wazazi wa Consolate nao walikuwa wametoka upande ule. Alisikia Kibembe, lugha ya kwao, ufukweni, akaamkia, akaitikiwa, na ugeni wake ukaisha kabla jua halijatua.

Kazi haikuwa ndogo. Alisafisha macho yaliyojaa mchanga, alifunga vidole vilivyokatwa na kamba, alitibu watoto wa kuhara, alizalisha wanawake. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja cha matofali, na nyuma yake chumba kingine ambamo alilala. Jirani yake alikuwa Mama Olga, mjane mnene mwenye sauti ya kiume, aliyeanika ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu na kuwafukuza ndege kwa matusi. Mama Olga alimpenda Consolate tangu siku alipomtoa mwiba wa samaki kooni, akawa anamletea samaki wa mukeke wa kuchoma kila mara boti ziliporudi na kitu.

Rezo ya simu ilishika mahali pamoja tu, juu ya jabali la upande wa kaskazini. Wenyeji walipaita Posta. Mtu alipanda, akachuchumaa nyuma ya jiwe, akajifunika kikwembe, yaani kitenge, kichwani pamoja na simu, ndipo aliposikia na kusikika.

Wiki za kwanza Reine alilia kwenye simu, na Consolate alishuka Posta akilia naye. Kisha mtoto akaacha kulia, na mama akashukuru. Kisha mtoto akaacha kuja kwenye simu.

"Iko anacheza, yaya," Joëlle alisema. "Namuita, anakataa. Leo amekula vizuri, amekula bukari na sombe, akaomba tena."

"Anaomba? Mimi hakuniombaga sombe hata siku moja."

"Nilimutilia karanga. Anapenda karanga."

Consolate alikaa na neno hilo siku nzima. Alimzaa, alimnyonyesha, na hakujua kama anapenda karanga kwenye sombe.

Jumapili moja alipanda Posta mapema, akampata Joëlle, na safari hii mtoto alikuwa karibu. Alisikia kicheko chake, alisikia sufuria ikianguka, kisha ile sauti nyembamba ikaita wazi kabisa, "Mama!"

"Eeh, mama!" Consolate aliitika kwa nguvu, moyo ukimruka. "Eeh, Reine wangu! Niko hapa!"

"Mama, angalia!" mtoto aliita tena. Na mbali kidogo na simu Joëlle akajibu kwa sauti ya chini, "Naona, mama. Acha kwanza."

Upepo ulipita juu ya jiwe. Nyuma ya Consolate mwanamke mwingine alikuwa anangoja nafasi, akiwa ameshika simu yake kifuani.

"Yaya?" Joëlle alisema. "Yaya, unasikia?"

"Rezo ni mubaya," Consolate alijibu, akakata.

Tangu siku ile kitu kilikaa ndani yake, hakikutoka. Aliendelea kupima watoto wa watu na kuwachoma sindano, lakini kila mtoto aliyemrukia mama yake kwa kuogopa sindano alimchoma yeye. Alianza kukumbuka mambo. Alikumbuka jinsi Joëlle alivyompokea Reine mikononi hata kabla hajaombwa. Alikumbuka jinsi alivyokataa kuolewa tena wakati mzee wa kanisa alipomletea mchumba. Amekaa ananingoja niondoke, alijiambia, na alijua ni uongo, lakini uongo huo ulikuwa mtamu, akaurudia.

Kisha akaja Mama Anne. Mama Anne alikuwa mfanyabiashara wa Kalemie, aliyefuata ndagala visiwani na kuleta sabuni, chumvi na maneno ya mjini. Alitoa simu yake akiwa bado na miguu ndani ya maji.

"Angalia familia yako, Mama Reine! Niliwapiga picha kwa kanisa, sikukuu ya kwaya."

Dieumerci alikuwa amevaa shati jeupe. Pembeni yake Joëlle, na kati yao Reine, ameshikwa mkono na wote wawili. Nywele zake zilisukwa misuko midogo yenye shanga nyekundu. Na gauni lake lilikatwa kutoka kikwembe kile kile alichovaa Joëlle: maua ya bluu kwa huyu, maua ya bluu kwa yule.

"Mugeni mumoja alisema, huyu mutoto anafanana na mama yake sana," Mama Anne alisema akicheka. "Nikamuambia, ah, yule si mama yake, ni shangazi! Akakataa kabisa."

Consolate alicheka naye. Alicheka mpaka meno yakauma. Kisha akaenda nyuma ya kituo, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na Mama Olga alimkuta pale ameshika kichwa.

"Nani amekufa?" Mama Olga aliuliza.

"Hakuna."

"Basi njo wivu. Uso wa wivu naujua, niliuvaa miaka yote mume wangu alipokuwa muzima." Alikaa chini mchangani. "Vumilia. Mvua haziko mbali. Utarudi, mutoto atakuzoea tena."

"Wee hukusikia alivyomuita."

"Mutoto anaita yule anayemupa chakula. Hata mimi kuku wangu wananiita."

Consolate hakucheka. Alikuwa ameshaamua, na kesho yake alipanda Posta, akampigia mume wake kazini.

"Papa Reine, wameniongezea muda," alisema. "Sitarudi na mvua. Wamesema mpaka Noël, labda kuzidi."

Hakuna aliyemwongezea muda, si mpaka Krismasi wala hata siku moja. Neno lilimtoka kirahisi, naye akashangaa.

Dieumerci alisogea mbali na mashine. Nyuma yake vyuma viligongana. "Mpaka Noël? Bila kuniuliza? Nitaenda kwa biro, niseme nao."

"Usiende, utaniharibia mkataba. Unitumie mutoto tu."

"Na upepo huo? Conso, mutoto akohoe huko..."

"Watoto wamejaa huku, wanaishi. Mimi njo muuguzi, si wewe."

"Sawa. Joëlle atamuleta."

"Hapana. Joëlle abakie akupikie. Mama Anne anarudi huku na boti. Mupatie yeye."

Mume wake alibisha kidogo, kisha akachoka, kwa sababu alikuwa mtu wa kuchoka haraka katika ubishi. Consolate alishuka jabali akiwa mwepesi. Alifua shuka, akatandika kitanda, akamwomba fundi wa boti amtengenezee kiti kidogo cha mtoto.

Reine alifika amelowa na hana sauti. Mama Anne alimshusha kama mzigo wa mtu mwingine, akasema, "Amelia tangu kwa daraja la Kalemie. Nimeimba, nimemupa biskuti, nimechoka." Consolate alikimbilia maji, akanyoosha mikono. Mtoto alimwangalia. Hakumkataa, wala hakumjia. Aliangalia nyuma yake, huku na huku, kama anayetafuta mtu ambaye hakika yuko hapo mahali fulani, kisha akaficha uso katika gauni la Mama Anne.

Mfuko wake ulikuwa umepangwa vizuri. Nguo zilipigwa pasi, na kwenye kona palikuwa na chupa ya karanga za kusaga, imefungwa kwa kitambaa ili isimwagike. Consolate aliiweka juu ya kabati, mahali asipoweza kuiona.

Jioni alimwogesha. Maji yalikuwa ya moto, sabuni ilikuwa ile ile ya zamani, na kwa muda mfupi mtoto alitulia akimwangalia usoni, mpaka Consolate akafikiri basi, anakumbuka. Ndipo alipozishika zile nywele. Zilisukwa upya kwa ajili ya safari, misuko imenyooka, shanga zimelingana. Joëlle alikuwa amekaa na kichwa hiki magotini mwake saa nzima au zaidi. Consolate alichukua mkasi mdogo wa kituo, akakata uzi wa kwanza.

"Hapana," Reine alisema.

"Mama atakusuka vizuri zaidi."

"Hapana! Mama, mukataze! Mama!"

Hakuwa anamwita yeye. Consolate alijua, na ndiyo sababu hakuacha. Alimbana mtoto kati ya magoti, akafumua msuko baada ya msuko huku Reine akipiga kelele na kushika kichwa kwa mikono yote miwili, na shanga nyekundu zikadondoka kwenye sakafu ya saruji na kukimbilia chini ya kitanda. Alipomaliza, nywele zilisimama ovyo, na mtoto alikuwa bado ameshika kichwa. Mama Olga alikuwa mlangoni na sahani ya samaki.

"Zile nywele zilikosa nini?"

"Zilichafuka njiani."

"Zilisukwa juzi, Mama Reine. Mimi si kipofu." Aliweka sahani chini, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi iliyofuata Reine hakula. Aliketi kwenye kile kiti kidogo, mlangoni, akiangalia ufukwe ambako boti ilimshusha. Upepo ulimpiga usoni, akafumba macho, lakini hakuhama. Consolate alimpa uji, akautema. Alimpa yai, akaligeuzia kichwa. Alishusha hata ile chupa ya karanga, akampakia kwenye mkate. Mtoto aliunusa, akalia kilio kibaya zaidi kuliko vyote. Kikohozi kilianza. Mwili ukapata joto. Consolate alimtoa damu kidoleni, akapima malaria, hakuna. Alisikiliza kifua, hakusikia kitu cha kutisha. Alimpa dawa ya homa, homa ikashuka, ikarudi, na mtoto akaendelea kupungua. Wanawake waliokuja kituoni walimwona pale kitini, wakamwangalia muuguzi wao kwa huruma, na huruma hiyo ilimuumiza kuliko kama wangemsema.

"Ninajua dawa yake," Mama Olga alisema. "Na wee unajua."

"Usiniambie."

"Sikuambii. Unajua."

Consolate alimwachia Mama Olga mtoto, akapanda Posta. Upepo siku ile ulikuwa umevimba. Alipanda kwa mikono na magoti. Alijifunika kikwembe, akapiga, na Joëlle akashika kabla simu haijalia mara ya pili.

"Yaya! Reine iko aje?" Hata salamu hakutoa.

Consolate aliinua kikwembe kidogo, akaangalia nje. Ziwa lilikuwa jeupe mpaka mwisho wa macho.

"Kuja," alisema.

"Unasema?"

"Nasema kuja! Kuja huku!"

"Nakuja," Joëlle alijibu. Hakuuliza kwa nini.

Boti aliyopanda ilikwama Kabimba kwa sababu ya mawimbi. Abiria wengine walishuka, wakarudi mjini kwa barabara. Joëlle alikaa palepale ufukweni, akawasumbua wenye boti mpaka mmoja akakubali kumvusha upepo ulipolegea kidogo. Alifika Lubindi amelowa mpaka kiunoni, midomo imekauka kwa kutapika, furushi kichwani. Reine alimwona akiwa bado mbali. Mtoto ambaye hakuwa amesimama siku zote zile alisimama, akashuka mchangani akiyumba, akakimbia.

Consolate alikuwa mlangoni. Shukrani na wivu vilimjia pamoja, na wivu ndio uliotangulia kufika. Aliona mikono ile midogo ikizunguka shingo ya mwanamke mwingine, aliona uso ukizikwa pale kwenye bega, na akageuka, akaingia kituoni, akaanza kupanga chupa za dawa ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Aliporudi mchana aliwakuta chini, wamekalia mkeka. Reine alikuwa anakula bukari kutoka mkono wa Joëlle, tonge ndogo ndogo, na alikuwa anacheka kwa mdomo uliojaa. Joëlle aliziona nywele zile. Alikuwa ameziona tangu ufukweni, bila shaka. Hakusema kitu, alipitisha tu vidole polepole kichwani mwa mtoto. Kama angesema, Consolate angejibu, na labda yangeishia hapo. Ukimya ule ndio uliomshinda. Alingoja mpaka mtoto akasinzia mgongoni mwa shangazi yake, kisha akasema:

"Umefurahi sasa."

"Yaya?"

"Umefurahi. Kisiwa chote kimeona. Umemunyanganya mutoto wangu, ukamuvalisha kama wako, ukamufundisha kukuita mama."

"Mimi sikumufundisha."

"Kama unataka mutoto, Joëlle, zaa wako."

Joëlle alikuwa anafunga vizuri kikwembe kilichombeba Reine. Mikono yake ilisimama kwenye fundo.

"Nilizaa," alisema.

Bati lilipiga kelele juu yao, jiwe moja likasogea, likatulia.

"Manono," Joëlle alisema. "Mutoto mwanaume. Alipumua asubuhi mpaka jua likapanda, akaacha. Mume wangu alikuwa kwa machimbo. Aliporudi, mama yake akamuambia mimi njo mwenye bahati mubaya, akanirudisha. Kaka yangu nilimuambia mume alikuwa mulevi. Hakulewa hata siku moja."

Consolate alikaa kitandani. Neno alilolipata lilikuwa la kazi yake, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu.

"Nani alikuzalisha?"

"Mama mumoja jirani."

"Damu ilitoka nyingi?"

"Nyingi. Nilianguka."

"Walikupeleka kwa hospitali?"

"Hapana."

"Na maziwa? Yalipokuja, walikufunga kifua?"

Joëlle alitikisa kichwa, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, kimya, bila kumtikisa mtoto mgongoni. "Hakuna muntu aliniuliza hivyo," alisema. "Mpaka leo hakuna."

Kisha Joëlle akaendelea kwa sauti ya chini, kama anayetaka kumaliza yote mara moja. "Siku ya kwanza aliniita mama nilimukatalia. Nikamuambia, mama yako iko Lubindi, mimi shangazi. Siku ya pili nikamukatalia. Halafu siku moja alianguka, akaumia, akaniita, nikaitika. Sikutaka kudanganya, yaya. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Kile kikwembe, nilikata magauni mbili sababu nilitaka watu waone vile, hata siku moja tu."

Consolate aliyasikia yote hayo, na wivu haukuondoka. Ulikaa pale pale, lakini sasa ulikuwa na mwenzake kitandani, na mwenzake huyo alikuwa aibu.

"Kuna jambo lingine," Joëlle alisema. "Kaka alienda kwa biro. Alitaka kuwaomba wakuachie urudi mapema. Walimuambia hakuna aliyekuongezea muda."

Consolate alijishika mdomo.

"Alirudi nyumbani hakula. Nilimuambia labda rezo ilikuwa mubaya, hakusikia vizuri."

"Wee njo ulimuambia hivyo?"

"Ningesema nini, yaya?"

Joëlle hakuondoka na boti iliyofuata, wala ile iliyokuja baadaye. Consolate ndiye aliyesema abaki mpaka mvua, na alisema akiwa amempa mgongo, akichemsha maji. Waliishi watatu katika chumba kile kimoja chenye upepo, na haikuwa rahisi. Asubuhi wanawake wote wawili walinyoosha mkono kwenye beseni la kumwogeshea mtoto, kisha wote wawili wakaurudisha. Reine alimwita Joëlle mama; Consolate aliitwa Mama Conso, kama jirani. Kuna siku Consolate alitoka nje kwa sababu tu hakuweza kuvumilia kusikia wimbo wanaouimba. Kuna siku Joëlle alijifanya ana kazi ya kuteka maji ili awaache peke yao, akakaa huko mpaka maji ya ndoo yakapata moto juani. Alimsaidia pia kituoni: alishika watoto wa kuchomwa sindano, alifua vitambaa, na wakati mwanamke mmoja alipozaa mtoto ambaye hakulia mapema, ni Joëlle aliyemshika mkono yule mama mpaka kilio kikasikika, kisha akatoka nje akatapika.

Kuelekea mwisho wa kiangazi Reine alipata mapenzi mapya. Alimfuata Mama Olga kwenye nyavu za ndagala, akajifunza kufukuza ndege, na bila shaka akajifunza matusi. Jioni moja Consolate na Joëlle walisimama ufukweni wakimwita aje kula, huyu kwa upande huu, yule kwa upande ule, na mtoto, ambaye sasa alimwita mjane koko, yaani bibi, akapiga kelele kutoka mapajani mwake, "Sitaki nyinyi! Nataka Koko Olga!"

Waliangaliana.

"Tumefukuzwa," Joëlle alisema.

"Yule mama ni mwizi wa watoto," Consolate alijibu, na kicheko kikamshika, akacheka mpaka akajishikilia kwa Joëlle, na Joëlle naye akacheka, na Mama Olga akauliza kwa sauti yake nzito nani amewafurahisha namna ile.

Mvua zilianza, muuguzi mwenyewe akarudi amepona, nao wakashuka Kalemie kwa boti iliyojaa magunia ya samaki. Dieumerci aliwapokea bandarini. Alimbusu mtoto, akamwamkia dada yake, akabeba mizigo. Lakini hakumtazama mke wake sawasawa.

Consolate hakungoja wafike nyumbani. "Papa Reine, nilikudanganya," alisema pale pale, kati ya wapagazi. "Hakuna aliyeniongezea muda. Nilikuwa na wivu."

"Wivu wa nani?"

Alionyesha kwa kidevu. Mbele yao Joëlle alitembea na Reine mgongoni.

Dieumerci aliweka mzigo chini, akaangalia kwa muda mrefu. "Ungeniambia tu," alisema.

"Ningekuambia namna gani?"

Dieumerci alibeba mzigo tena. Ilichukua muda mpaka akaanza kumtania kama zamani, na Consolate hakumharakisha.

Mkataba ulisainiwa. Reine alirudi kumwita mama taratibu, kwanza alipokuwa na njaa, kisha alipokuwa na usingizi, kisha bila sababu. Joëlle alianza biashara ya samaki pamoja na Mama Anne, akapanga chumba karibu na soko; alisema ni kwa ajili ya kazi, na hakuna aliyembishia. Consolate alimpeleka mwenyewe hospitali, wakamwona daktari wa wanawake, na akakaa nje akimngoja mpaka akatoka.

Jumamosi Joëlle huja kumchukua mtoto. Reine humsikia kabla hajafika, hutupa alichoshika, hukimbia mpaka kwenye lango akiita. Consolate humvalisha viatu, humfuta pua, humpa shangazi yake mfuko. Hufunga lango. Kisha huchukua nguo chafu zote za nyumbani, hata zile ambazo bado ni safi, huketi mbele ya beseni na kufua kwa nguvu, na Dieumerci akipita huona heri asiseme kitu.